Gari linakula oili: pima kwanza, ovahoo baadaye

Mwenye Spacio, Opa au Harrier ya zamani akiingia gereji hapa Dar es Salaam na kusema oili inapungua, mara nyingi jibu hutoka kabla boneti haijafunguliwa: "Bosi, ringi zimeisha hizo. Tushushe injini." Huenda fundi yuko sahihi: ringi za pistoni, zinazozuia oili isipande ikaungue, zimechoka na injini inataka ovahoo, yaani kufunguliwa yote. Huenda pia tatizo ni valvu ya PCV (inayotoa gesi ndani ya injini) iliyoganda, gasketi ya mfuniko wa tapeti iliyokakamaa, au dumu la lita 4 lililomiminwa lote kwenye injini inayotaka lita 3.7. Tofauti ya gharama kati ya majibu hayo ni kubwa mno kuachiwa makisio. Na vipimo vingi vya kuyatenganisha unaweza kuvifanya mwenyewe nyumbani ukiwa na kitambaa safi, katoni kuukuu na spana ya plagi.

Nitaanza na mambo ya bei rahisi na kumalizia na ya bei kali, na ningeomba kila mwenye gari afuate mpangilio huo hata kama fundi ana haraka.

Inapungua kiasi gani?

"Inakula sana" si kipimo. Egesha gari sehemu tambarare, injini ikiwa imepata moto. Zima, subiri kama dakika 10 ili oili yote ishuke kwenye sampu, karai la oili chini ya injini. Chomoa dipstiki, ifute, irudishe hadi mwisho, ichomoe tena ndipo usome. Ongeza oili taratibu mpaka ifike alama ya juu, isizidi. Piga picha odometa kwa simu. Kuanzia hapo, pima kila unapojaza mafuta, mahali palepale na kwa namna ileile, na uandike kila unachoongeza. Kwenye injini nyingi za Toyota za silinda nne, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni karibu lita 1, kwa hiyo kimo cha oili kwenye dipstiki kinakupa picha nzuri ya kilichopotea.

Vitabu vya magari mengi ya Toyota vinaandika ukomo wa lita 1 kwa kilomita 1,000. Huo ni ukomo wa mbali sana, na injini nzima haiukaribii. Mimi gari lenye umri wa miaka 20 likipoteza nusu lita kati ya sevisi na sevisi naliongezea tu na safari inaendelea. Likifika lita 1 kwa kilomita 2,000, naanza kutafuta chanzo. Likifika lita 1 kwa kilomita 1,000, kazi ya kutafuta haingoji mwisho wa mwezi.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo hufanya watu wengi wajidanganye: odometa haihesabu foleni. Gari linalosota Mandela kuanzia Tazara hadi Ubungo, kiyoyozi kikiwaka, linazungusha injini muda mrefu huku kilomita hazisogei. Teksi ya mtandaoni inayoshinda kwenye sailensa (injini inanguruma, gari limesimama) inaweza kuonekana inakula oili kuliko gari la aina hiyohiyo linalokwenda Morogoro na kurudi, ilhali injini zote ni sawa. Kwa hiyo linganisha wiki za kazi ileile. Na kwa sababu hiyohiyo, kwa mizunguko ya mjini nisingevusha oili kilomita 5,000, dumu liandike litakavyoandika. Oili iliyopikwa na joto la foleni ndiyo huacha masizi magumu nyuma ya ringi, na huko ndiko ugonjwa mzima unakoanzia.

Hakikisha pia oili haijazidi. Injini ya 1NZ-FE, ile ya IST na Raum, huchukua lita 3.7 ikibadilishwa pamoja na filta. Dumu la lita 4 likimwagwa lote, na oili ya zamani ikiwa haijachuruzika vizuri, kimo kinapita alama ya juu. Kikizidi sana krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, inaichapa oili mpaka inatoa povu, ukungu wa oili unapanda kwenye njia ya PCV, unaingia kwenye hewa ya injini na kuunguzwa. Mwenye gari anaona moshi siku mbili baada ya sevisi na anaambiwa ringi.

Oili inapungua, moshi hauonekani

Tafuta mvujo kwanza. Tandika katoni chini ya injini usiku kucha, na uweke alama upande wa mbele ili ujue tone limeangukia wapi. Kama injini imejaa uchafu wa miaka, isafishe kwa kitambaa na dawa ya kuondoa grisi, kisha endesha siku mbili na uangalie tena. Kupuliza maji ya presha kwenye injini sikushauri, koili na altaneta haziyapendi.

Sehemu za kuangalia ni mzunguko wa mfuniko wa tapeti, mashimo ya plagi (ukichomoa koili ikatoka imelowa oili, gasketi za ndani ya mfuniko zimekufa), sili ya krenki ya mbele, swichi ya presha ya oili, washa ya nati ya sampu, na pale injini inapokutana na gia boksi. Kwenye Harrier zenye V6 ya 2GR-FE kagua bomba la oili la VVT-i, mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na kipande cha mpira kinachozeeka na kupasuka, na kikipasuka oili inaisha ukiwa njiani.

Filta nayo ina hila yake. Wakati mwingine ukifungua filta ya zamani, mpira wake unabaki umegandia kwenye injini. Fundi asipogusa kwa kidole anafunga filta mpya juu yake, mipira miwili inakaa pamoja, na siku presha ikipanda oili inamwagika yote kwa dakika chache. Omba kuonyeshwa filta iliyotoka, na uone mpira wake upo.

Ukisikia harufu ya kuungua na moshi unatoka chini ya boneti badala ya kwenye ekzosi, oili inadondokea ekzosi ya moto. Huo ni mvujo, si ringi. Na ukifungua kifuniko cha oili ukakuta oili imekuwa kama chai ya maziwa, au maji ya redieta yana utando wa oili, hapo maji na oili vinakutana. Angalia gasketi ya silinda hedi na usiliendeshe gari.

Kama hakuna tone chini, na moshi pia huuoni, oili bado inaweza kuwa inaungua. Ikiungua kidogokidogo masega (kisafisha moshi kilicho ndani ya ekzosi) huimaliza kabla haijatoka nje, na jicho halioni kitu. Ingiza kitambaa kwenye mdomo wa bomba la ekzosi: masizi makavu ni ya mafuta, masizi yenye unyevu wa kunata ni ya oili. Kisha chomoa plagi zote nne na uzipange kwa namba za silinda. Plagi moja iliyolowa weusi wa mafutamafuta huku tatu zikiwa na rangi ya kahawia kavu inakuambia ugonjwa uko silinda ipi. Nne zote zikiwa zimelowa, fikiria kitu kinachogusa silinda zote, na cha kwanza ni PCV.

Valvu ya PCV

Kifaa hiki ni kidogo kama kifundo cha kidole, kimekaa kwenye mfuniko wa tapeti au ubavuni mwa bloku, kimeungwa kwa mpira hadi kwenye manifoldi ya hewa. Kazi yake ni kunyonya gesi zinazopenya kupita ringi na kuzirudisha zikaungue. Ikiganda imefunga, presha inajaa ndani ya injini na kusukuma oili kwenye kila sili dhaifu. Unabadilisha sili leo, wiki ijayo inavuja nyingine. Ikiganda imefunguka, injini inanyonya ukungu wa oili muda wote.

Ichomoe, itikise karibu na sikio. Nzima inagonga ndani, iliyoganda imenyamaza. Pulizia upande wa injini: hewa ipite. Pulizia upande wa manifoldi: isipite, au ipite kwa shida sana. Kagua na mpira wake, maana mpira uliolainika hubonyea kwa ndani na kufunga njia huku kwa nje ukionekana mzima. Fungua pia bomba la hewa na uangalie throto. Oili ikituama pale, njia ya gesi imekuwa njia ya oili.

Ibadilishe hata kama una shaka kidogo tu, kisha pima upya kwa kilomita 1,000. Sijui kifaa kingine kwenye injini ambacho ni cha bei ndogo hivi na kinachosingiziwa ringi mara nyingi hivi.

Moshi wa bluu unapowasha asubuhi, kisha unaisha

Gari limelala usiku, unawasha, wingu la bluu linatoka kwa sekunde chache, kisha kimya. Au umesubiri kwenye mataa muda mrefu, ukiondoka wa nyuma yako anafunga kioo. Au unashuka kutoka Kimara kwenda Ubungo ukiwa umeachia pedali, na ukikanyaga tena chini moshi unaruka. Zote hizo ni dalili za sili za valvu. Ni vipira vidogo vilivyovishwa kwenye shina la kila valvu, na miaka ya joto huvifanya vigumu kama plastiki. Oili inashuka polepole kufuata shina na kukaa juu ya pistoni ikingoja kuwashwa.

Habari njema ni kwamba kwa injini nyingi sili hubadilishwa bila kufungua silinda hedi. Fundi anayejua kazi huingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi ili valvu zisidondoke ndani, au hujaza kamba safi kwenye silinda na kuzungusha krenki kwa mkono mpaka kamba izishikilie valvu kwa chini. Kisha hutoa kemshafti, hubana springi na kubadilisha sili moja baada ya nyingine. Kazi inataka subira, na cheni ya taimingi irudi kwenye alama zake. Ukiambiwa sili lazima injini ishushwe, uliza kwa nini.

Moshi ukikanyaga, mzigo ukizidi

Moshi wa bluu unaoendelea muda wote unapokanyaga, hasa ukipandisha mlima na abiria wamejaa, unaelekeza kwenye ringi au silinda iliyolika. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa kwenye sailensa: gesi ikipuliza kwa nguvu na kwa mapigo, kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, inapita chini. Moshi mweusi ni habari nyingine, ni mafuta kuzidi. Mweupe mzito usioisha ni maji. Gari la tabo likitoa bluu, kagua kwanza sili za tabo.

Hapa ndipo kipimo cha kompresheni huingia, na hapa pia ndipo watu wengi hupotoshwa. Pistoni ina ringi tatu. Mbili za juu hushika kompresheni. Ya tatu, ya chini, kazi yake ni kukwangua oili kutoka ukutani na kuirudisha kwenye sampu kupitia vitundu vilivyo nyuma yake. Masizi yakiziba vitundu hivyo na kuigandisha ringi ya oili, ringi za juu zinaweza kuwa nzima kabisa. Geji inasoma vizuri, silinda zote zinalingana, gari lina nguvu, na bado linakunywa lita kwa kilomita 1,000. Kwa hiyo kompresheni nzuri haikuambii kwamba ringi ya oili ni nzima. Inakuambia kuta na ringi za juu bado zina uhai, na hiyo ni taarifa ya thamani, kwa sababu injini ya namna hiyo ina nafasi nzuri ya kupona bila kuchongwa.

Kompresheni ikiwa ndogo kwenye silinda moja, mimina kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi na upime tena. Ikipanda sana, ringi au ukuta. Isiposogea, valvu au gasketi. Tofauti kati ya silinda na silinda ikipita kama kilopaskali 100, yaani karibu PSI 15, usiipuuze.

Injini zenye historia

Baadhi ya injini zilitoka kiwandani na udhaifu huu. 1ZZ-FE ya miaka ya mwanzo, iliyomo kwenye Opa, Wish, Spacio za 1.8 na Allion, ilikuwa na pistoni zenye vitundu vidogo vya kurudishia oili ambavyo huziba haraka. Baadaye Toyota walibadilisha muundo. 2AZ-FE ya lita 2.4, ambayo hapa mjini iko kwenye Harrier, Alphard, Ipsum, Kluger na RAV4, ilipata tatizo kama hilo katika matoleo ya karibu mwaka 2006 hadi 2009, mpaka mwaka 2015 Toyota wakaanzisha nchini Marekani mpango wa kubadilisha pistoni na ringi kwa magari yaliyothibitika kula oili kupita kiasi.

Maana yake kwako ni hii: ukifungua injini ya aina hiyo ukaweka ringi mpya kwenye pistoni zilezile, umenunua muda tu. Tafuta pistoni za muundo mpya. Na kwa 2AZ za kabla ya hapo, mwambie fundi akague nyuzi za boliti za silinda hedi kwenye bloku, hasa za upande wa nyuma. Zina sifa ya kung'oka, na afadhali kujua kabla hedi haijarudishwa.

Kabla ya kufungua

Kama kompresheni ni nzuri na PCV ni mpya, jaribu kulowesha pistoni. Injini ikiwa ya vuguvugu, toa plagi, zungusha krenki kwa mkono ili pistoni zote zikae katikati, mimina dawa ya kuyeyusha masizi kidogo kwenye kila silinda na uache usiku kucha. Asubuhi chomoa fyuzi za injekta na koili, funika mashimo kwa vitambaa, kaa mbali, kisha piga stata mpaka dawa yote itoke. Ukirudisha plagi wakati silinda bado ina maji ya dawa unaweza kupinda konrodi, kwa hiyo hatua hii usiikimbize. Badilisha oili na filta palepale, maana dawa imeshashuka kwenye sampu. Fanya kazi nje, mbali na moto. Ukiwasha tarajia moshi mwingi, usiogope.

Haifaulu kila mara. Ikifaulu, utaiona kwenye daftari lako la kilomita, wala si kwenye maneno.

Dawa za kusafisha injini zinazomwagwa kwenye oili ya zamani na kuzungushwa dakika chache siziamini kwa injini iliyojaa tope jeusi chini ya mfuniko wa tapeti. Tope likibanduka kwa mkupuo linaziba chujio la pampu, presha inashuka na injini inanoki. Hapo ni afadhali oili nzuri inayobadilishwa mapema mara kadhaa mfululizo.

Na kuhusu kupandisha uzito wa oili: kutoka 5W-30 kwenda 10W-40 kwa injini iliyochoka na joto hili la Dar ni uamuzi wa busara, mradi kitabu cha gari kinaruhusu. 20W-50 hupunguza moshi kwa muda, lakini ringi iliyoganda inabaki imeganda. Usilitumie dumu zito kumfichia mnunuzi ugonjwa.

Ikibidi kufunguliwa

Simama uone. Pistoni zikitoka, ringi ya oili iliyoganda utaijua mara moja: haichezi ukiibonyeza kwa ukucha, na mfereji wake umejaa weusi mgumu. Mifereji isafishwe mpaka chuma kionekane, vitundu vyote vipitishe mwanga. Ukuta wa silinda uguswe kwa hona nyepesi ili mistari ya msalaba irudi, na upimwe kwa geji. Injini za NZ, ZZ na AZ zina bloku ya alumini yenye slivu nyembamba za chuma, kwa hiyo fundi akikuambia "tunachonga tu kama zamani" mwombe akuonyeshe vipimo na pistoni zitakazoingia. Kila ringi mpya iingizwe peke yake kwenye silinda na nafasi ya ncha zake ipimwe, alama itazame juu, na nafasi zisipangwe mstari mmoja. Sili za valvu na PCV zibadilishwe hapohapo, hata kama za zamani zinaonekana nzuri.

Ikirudi barabarani, epuka kuiacha kwenye sailensa muda mrefu na epuka kasi moja ya kudumu kwa siku za mwanzo. Badilisha oili kilomita 1,000 za kwanza.

Njia nyingine ni injini ya mtumba, na Ilala Shaurimoyo na Gerezani hazikosekani. Injini hiyo nayo ina umri, na ikiwa ni 2AZ ya miaka ileile unaweza kuwa umenunua ugonjwa uleule. Kabla ya kulipa fungua kifuniko cha oili uangalie tope, toa plagi uone rangi zake, ingiza kamera ndogo ya simu kwenye matundu uangalie kuta, pima kompresheni kwa stata kama muuzaji anaruhusu. Andikishianeni siku za dhamana kwenye risiti. Namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, kwa hiyo ikibadilika peleka risiti na taarifa TRA ili kadi irekebishwe mapema, kabla hujafika siku ya kuuza na mnunuzi akakuta namba mbili tofauti.